Kuandaa shahada ya uhandisi wa mifumo ya saiba-fizikia: mwongozo kwa idara zinazotaka kufundisha pamoja

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mhadhiri aliyeitwa na amidi wake akaambiwa, "Tunaanzisha shahada mpya, wewe ndiye mwenyekiti wa kamati." Nimekaa kwenye kamati za mitaala kwa miaka kadhaa. Nimeona rasimu zikipita salama mpaka Seneti, na nimeona nyingine zikifia kwenye kikao cha pili kwa sababu idara mbili zilishindwa kukubaliana nani atafundisha nini. Mifano yangu mingi ni ya Tanzania, maana ndiko ninakofanyia kazi, lakini wenzetu wa Kenya, Uganda na Rwanda watajitambua humu.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Mwaka 1948 mwanahisabati wa Marekani, Norbert Wiener, alitafuta jina la elimu ya udhibiti na mawasiliano katika viumbe na mashine, akalichukua neno la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani. Humo ndimo limetoka neno "saiba". Mwaka 2006 Helen Gill wa Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani (NSF) akaliunganisha na fizikia kuita mitambo ambayo kompyuta imo ndani yake: inapima, inaamua, inatenda, kisha inapima tena. Aliyewahi kupanda jahazi anajua jambo hili bila kuambiwa. Mshika usukani anatazama tanga, anausikia upepo shavuni, anasogeza usukani kidogo, anatazama tena. Katika mifumo hii kompyuta ndiyo imekalishwa pale kwenye usukani.

Mtu atakuuliza kwenye kikao: hii si mekatroniki tu? Ni ndugu yake wa karibu, fani inayochanganya mitambo, elektroniki na kompyuta. Mekatroniki mara nyingi inashughulika na mashine moja. Sisi tunataka pia mashine nyingi zinazoongea kwa mtandao, tunataka muda uhesabiwe, na tunataka mhandisi aweze kuonyesha kwa hoja na vipimo kwamba mtambo hautaua mtu. Jibu hilo liwe tayari mfukoni.

Hatua ya kwanza: tafuteni mtambo kabla ya kuandika jina la somo hata moja

Kosa nililoliona mara nyingi kuliko yote huanza siku ya kikao cha kwanza. Kila idara inakuja na orodha ya masomo iliyonayo tayari, masomo yanapangwa juu ya masomo kama matofali yasiyo na udongo kati yake, na kufikia saa nane mchana kuna kitu kinaitwa mtaala. Mwanafunzi wa mtaala huo atajifunza kuandika programu kwa mifano ya mishahara na orodha za wateja, atajifunza umeme kwa saketi za ubaoni, atajifunza udhibiti kwa herufi na milinganyo. Atahitimu akiwa na theluthi ya fani tatu, na kazi ya kuziunganisha ataachiwa yeye mwenyewe, akiwa kazini, mbele ya mtambo wa watu.

Nieleze kilichonifanya niamini hivi. Nilisimamia kundi la wanafunzi watatu, mmoja wa kompyuta, mmoja wa umeme, mmoja wa mitambo. Kazi ilikuwa ndogo: simtanki moja chini, jingine juu ya fremu ya chuma, pampu ndogo ya majumbani, na kihisi kinachopima kina cha maji kwa mwangwi wa sauti. Sharti lilikuwa moja, tangi la juu lisipungue nusu. Yule wa kompyuta aliandika programu kwa dakika ishirini: kina kikiwa chini ya asilimia 50 washa pampu, kikizidi zima. Tuliisoma pamoja mstari kwa mstari na haikuwa na kosa.

Tukawasha. Maji yalipofika nusu, kontakta, ile swichi ya umeme inayowasha pampu, ikaanza kulia tak-tak-tak-tak, pampu ikiwaka na kuzima bila kupumua. Maji yaliyokuwa yakimwagika kutoka bomba la juu yalitengeneza mawimbi madogo, kihisi kikawa kinasoma 49, 51, 49, 51, na programu ikatii kila namba. Yule wa umeme alirukia breka akazima. "Utaunguza kontakta! Mota ikianza inavuta mkondo mara kadhaa zaidi ya ule wa kawaida, na kila ikikata inatoa cheche." Yule wa mitambo alikuwa ameshika bomba kwa kiganja. "Njooni mshike," alisema. "Maji yanagonga ndani. Viungio vitaachia."

Dawa ilitoka kwa wote watatu. Wa kompyuta aliweka pengo: washa kina kikishuka chini ya 50, lakini usizime mpaka kifike 80. Wa umeme alidai pampu ikizimwa ipumzike kwanza kabla ya kuwashwa tena, hata kihisi kiseme nini. Wa mitambo alikata kipande cha bomba la plastiki, akakitoboa chini, akakisimamisha ndani ya tangi chini ya kihisi, ili maji ya ndani ya bomba yatulie hata ya nje yakichafuka. Katika saa mbili zile walijifunza kitu ambacho hakuna idara hata moja kati ya tatu iliyokuwa nacho kwenye silabasi yake.

Kwa hiyo chagueni mtambo mmoja ambao mwanafunzi atakutana nao kuanzia wiki ya kwanza hadi mwaka wa nne. Unaweza kuwa matangi na pampu, chumba cha baridi cha kuhifadhi samaki, gridi ndogo ya sola, shamba la umwagiliaji wa matone, au lifti ya mfano. Sifa zake ziwe hizi: mabadiliko yake yaonekane kwa macho, uweze kuharibika bila kumuumiza mtu, kila idara iwe na jambo la kufundisha juu yake, na vipuri vyake vipatikane. Hili la mwisho msilidharau. Mtambo ambao kifaa chake kikiungua lazima kiagizwe ng'ambo utakaa chini ya turubai muhula mzima. Mtambo ambao vipuri vyake viko Kariakoo utafundisha kila wiki.

Mwaka wa kwanza mwanafunzi apime tu na kuwasha kwa mkono. Wa pili aandike milinganyo ya jinsi maji yanavyojaa na kutoka, kisha alinganishe na alichokipima. Wa tatu audhibiti kwa mtandao na ajaribu kila namna unavyoweza kushindwa. Wa nne aunganishe mitambo kadhaa na ailinde dhidi ya mvamizi wa mtandaoni.

Hatua ya pili: nendeni mkaulize wanaolala karibu na mitambo

Tume za vyuo vikuu, zinazoidhinisha shahada, zinataka ushahidi wa mahitaji, na kamati nyingi hutuma dodoso kwa maofisa rasilimali watu. Majibu huwa yaleyale: wahitimu wenye stadi, wabunifu, wanaojituma. Hayawezi kujenga somo.

Nendeni wenyewe mahali penye mitambo. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji lina mitambo 9 yenye megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, inaendeshwa hadi kilomita 160 kwa saa. Kenya kuna shamba la upepo la Ziwa Turkana lenye mitambo ya upepo 365. Rwanda ndege zisizo na rubani zimekuwa zikipeleka damu hospitalini tangu 2016. Kuna bandari, viwanda vya saruji, vya sukari, vya maji ya chupa. Huko muulizeni fundi wa zamu, si meneja peke yake: mara ya mwisho mtambo uliposimama, sababu ilikuwa nini? Nani aligundua? Ilichukua muda gani? Aliitwa nani, na alitoka nchi gani?

Andikeni majibu kama yalivyo. Swali la mwisho ndilo litakalokupa hoja nzito kuliko zote mbele ya Seneti.

Hatua ya tatu: gawanyeni krediti mkiwa na kalamu nyekundu

Katika mfumo wa tuzo za vyuo vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, zikiwamo za darasani, maabara na za mwanafunzi mwenyewe. Mwaka una krediti 120, hivyo shahada ya uhandisi ya miaka minne ina 480. Zinaonekana nyingi mpaka uanze kuzigawa.

Mgawanyo ninaoupendekeza ni huu. Hisabati na fizikia 80. Programu na kompyuta 90. Umeme na elektroniki 70. Ishara na udhibiti 60. Mitambo, joto na vimiminika 50. Usalama na maadili 20. Karakana ya mtambo, pamoja na mradi wa mwisho, 70. Mafunzo kwa vitendo viwandani 30. Zinabaki 10 za somo la hiari. Namba hizi zinaweza kusogea, lakini zile 70 za karakana msiziguse. Ndizo kila mtu atazitamani idara yake ikikosa nafasi, na zikishapunguzwa mtakuwa mmerudi kwenye matofali yasiyo na udongo.

Jambo moja kuhusu hisabati. Usichukue kozi za mwaka wa kwanza kama zilivyo. Mwanafunzi huyu anahitaji milinganyo ya mabadiliko, matriki na uwezekano, lakini anahitaji vilevile mantiki na hesabu za vitu vinavyoruka hatua kwa hatua, zile ambazo wahandisi wa umeme huzigusa kidogo na wa kompyuta huzisoma zaidi. Pampu inawaka au haiwaki. Maji yanapanda polepole. Mifumo yetu ina yote mawili kwa pamoja, na hapo ndipo ugumu wake ulipo.

Hatua ya nne: wekeni somo la muda

Somo hili karibu halina mwenyewe katika idara zetu, na ningekuwa na ruhusa ya kuongeza somo moja tu ningeongeza hili.

Programu ya mishahara ikichelewa sekunde mbili, mhasibu anasubiri, basi. Treni inayokwenda kilomita 160 kwa saa inakata mita 44 kila sekunde. Amri ya breki ikichelewa nusu sekunde, treni imeshasogea mita 22. Jibu lilikuwa sahihi, lakini lilifika likiwa limeoza. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba programu sahihi ni ile inayotoa jibu sahihi inabidi afundishwe upya.

Anzeni na bafu. Kila aliyeogea maji ya heater anajua: unageuza bomba, maji bado ya baridi, unageuza zaidi, bado, unaongeza tena, ghafla yanakuunguza. Kosa halikuwa kwenye mkono wala kwenye heater, lilikuwa kwenye urefu wa bomba. Kutoka hapo wanafunzi wahamie kwenye mtambo. Watume ujumbe 10,000 kwa WiFi ya chuo kutoka kihisi hadi kompyuta, wapime kila mmoja umechukua muda gani, wachore. Wataona wastani mzuri kabisa, kisha wataona huo mmoja au miwili iliyochelewa vibaya. Waambieni wausanifu mtambo kwa ajili ya hiyo miwili.

Na wajaribu kukatika kwa umeme. Umeme unapokatika pampu ikiwa katikati ya kazi, kisha ukarudi baada ya dakika tatu, kompyuta inaamka ikidhani nini? Inakumbuka tangi lilikuwa na kiasi gani, au inaanza upya kama mtoto? Vali iliyokuwa wazi iko wazi bado? Kwa mazingira yetu zoezi hili lisiwe la ziada. Liwe na alama zake.

Hatua ya tano: usalama ufundishwe kwa ajali za kweli

Ziko tatu ambazo kila mwanafunzi azichambue mpaka aweze kuzieleza bila karatasi.

Ya kwanza ni Therac-25, mashine ya tiba ya mionzi. Kati ya 1985 na 1987 iliwapa wagonjwa wasiopungua sita mionzi mingi kupita kiasi, na baadhi yao walifariki. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi vya vyuma na umeme. Katika hii kazi hiyo iliachiwa programu.

Ya pili ni Stuxnet, iliyogunduliwa 2010. Programu hii haribifu iliingia kwenye vidhibiti vya mitambo ya nyuklia huko Natanz, Iran, ikabadilisha mwendo wa mashine zinazozunguka huku skrini za waendeshaji zikionyesha kila kitu kiko shwari. Wanafunzi wajiulize: kama kihisi chenyewe kinadanganya, utajuaje?

Ya tatu iko karibu nasi. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines, ET302, iliruka kutoka Addis Ababa kuja Nairobi, na baada ya dakika sita ikaanguka. Watu wote 157 walikufa. Ilikuwa Boeing 737 MAX, aina ileile ya ndege ya Lion Air iliyoanguka Indonesia Oktoba 2018 na kuua watu 189. Katika ajali zote mbili kompyuta ilipokea kipimo kibaya kutoka kihisi kimoja cha pembe ya ndege dhidi ya upepo, ikaamini pua imeinuka mno, ikaisukuma chini tena na tena huku marubani wakivuta juu. Programu ilifanya ilichoambiwa. Ndege ilikuwa na kihisi cha pili upande wa pili, lakini mfumo ule haukuvilinganisha viwili hivyo.

Mwulize mwanafunzi: hapa kosa ni la idara gani? Kompyuta? Mitambo? Umeme? Au waliowaandikia marubani maelezo? Nimeona darasa likikaa kimya kwa swali hili, na ukimya ule unafaa uachwe kidogo kabla hujaongea. Somo hili lifundishwe mwaka wa pili, kabla mwanafunzi hajazoea kuamini vihisi vyake.

Hatua ya sita: malizeni suala la saa za kufundisha mapema

Hapa ndipo shahada nyingi za pamoja hufa, na huandikwa kwamba zimekufa kwa uhaba wa fedha.

Karakana ya mtambo inahitaji wahadhiri wawili wa fani tofauti darasani kwa wakati mmoja. Mfumo wa mzigo wa kazi utataka kuwagawia saa nusu kwa nusu. Mhadhiri anayepanda cheo kwa kuhesabiwa saa na machapisho ataona anapoteza, na muhula wa pili hatakuja. Pateni kwa maandishi, kutoka kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia taaluma, kwamba kila mmoja anahesabiwa saa zote. Bila barua hiyo msiendelee.

Vilevile wanafunzi wahesabiwe kwa idara zote zinazofundisha, si ile inayotunza majalada yao tu, kwa maana bajeti hufuata idadi. Shahada iwe na mratibu anayeripoti kwa amidi, asiwe chini ya mkuu wa idara moja.

Walimu waliosomea fani hii moja kwa moja ni wachache, lakini wapo pa kuanzia. Taasisi ya Nelson Mandela mjini Arusha ilianzisha shahada ya uzamili ya mifumo pachikwa (kompyuta zilizomo ndani ya vifaa) na ya simu kupitia CENIT@EA, kituo cha umahiri cha TEHAMA cha Afrika Mashariki, na Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo cha umahiri cha intaneti ya vitu (vifaa vinavyoongea kwa mtandao), ACEIoT, mjini Kigali. Watembeleeni. Waombeni watahini wa nje kutoka huko.

Na fundi sanifu wa maabara aingie kwenye kamati tangu siku ya kwanza, awe na kiti na sauti. Yeye ndiye atakayewaambia kwamba meza mlizochora haziwezi kubeba maji, na kwamba wanafunzi 60 hawawezi kutumia mitambo mitatu kwa saa mbili.

Hatua ya saba: bodi ya wahandisi kabla ya tume

Ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inaruhusu shahada kufundishwa. Mhitimu kuitwa mhandisi ni jambo la Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB). Hiyo ni milango miwili. Kenya wameshuhudia mvutano wa miaka mingi kati ya vyuo na Bodi ya Wahandisi kuhusu kozi zipi zitambuliwe, na walioumia ni vijana waliokuwa wameshalipa ada.

Pelekeni rasimu kwa bodi ikiwa bado ni rasimu. Ulizeni: mhitimu huyu mtamsajili katika fani ipi? Kama jina "saiba-fizikia" halina kisanduku kwenye fomu, zungumzeni kuhusu jina sasa. Ni heri shahada iwe na jina linaloeleweka na maudhui mapya kuliko jina jipya linalomfungia mhitimu nje.

Njia ya ndani mnaijua: idara, bodi ya kitivo, kamati ya taaluma, Seneti, kisha tume. Kwenye sifa za kujiunga, msiwafungie wenye stashahada za ufundi. Kijana aliyeshika multimita miaka mitatu mara nyingi huwa mwalimu wa wenzake wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) kwenye karakana, na wao humrudishia kwenye hisabati.

Hatua ya nane: pimeni kwa mdomo, mbele ya mtambo

Mtihani wa karatasi ubaki kwa masomo ya msingi. Karakana ipimwe mtambo ukiwa unafanya kazi, na watahini wawe wawili wa idara tofauti. Mmoja achomoe waya wa kihisi bila kusema. Mwanafunzi aeleze anachokiona, anachodhani kimetokea, na atakachofanya kwanza. Jibu zuri la kwanza, kwa uzoefu wangu, ni kuzima kwa swichi nyekundu ya dharura. Anayekimbilia kompyuta yake kusoma programu wakati maji yanamwagika apunguziwe alama, na aelezwe kwa nini.

Kila mtambo uwe na daftari lake, la karatasi, limefungwa kwa kamba kwenye fremu. Kila anayeugusa aandike tarehe, alichobadilisha na kilichoharibika. Baada ya miaka minne kundi la kwanza likiondoka, kaeni kamati yote na madaftari hayo mezani, msome makosa yanayojirudia, na mtaala wa mara ya pili uanzie kwenye kurasa hizo.